Kikombe cha Manjano, Dripu ya Saratani

Msikilizaji, ukifika Mkuyuni, mashariki ya milima ya Uluguru, utaona pilipili manga imeparamia miti shambani na mdalasini umeanikwa uani. Viungo hivi havinunuliwi kwa ajili ya pilau tu. Mgonjwa akirudi kutoka Taasisi ya Saratani Ocean Road kule Dar es Salaam, akisubiri dripu inayofuata, ndugu humkorogea kikombe: manjano kijiko kimoja, pilipili manga kidogo, asali. Mgonjwa anakunywa. Daktari haambiwi.

Ndugu huyo simcheki. Manjano yana kiini kiitwacho kurkumini, ambacho maabarani kimeonekana kudumaza seli za saratani. Tatizo ni kwamba utumbo hukipokea kidogo mno, na ini hukivunja upesi. Mwaka 1998, watafiti wa Bangalore, India, waliwapa watu wenye afya gramu 2 za kurkumini pamoja na miligramu 20 za piperini, yaani ule ukali wa pilipili manga. Kurkumini iliyofika kwenye damu ikaongezeka mara 20. Kwa hiyo bibi aliyesema "tia na pilipili" hakubahatisha.

Sasa tuulizane pilipili inafanyaje kazi hiyo. Inavipunguza kasi vimeng'enya vya utumbo na ini vinavyovunja vitu vigeni mwilini. Na miongoni mwa vimeng'enya hivyo vimo vinavyovunja dawa kadhaa za saratani, vinkristini na dosetakseli zikiwemo. Dozi ya dripu hupigiwa hesabu kwa uzito na kimo cha mgonjwa, kwa kutegemea kwamba ini litafanya kazi yake kama kawaida. Ini likicheleweshwa, dawa inaweza kukawia mwilini: chembe nyeupe za damu zikashuka mno, vidole vikafa ganzi. Pengine mambo huenda kinyume. Watafiti wa Rotterdam, Uholanzi, mwaka 2019 waliwafuatilia wagonjwa 16 wanaomeza tamoksifeni, kidonge cha saratani ya matiti. Walipoongezewa kurkumini na piperini, kile kinachofanya kazi kutokana na kidonge hicho kilipungua kwenye damu kwa asilimia 12 hivi.

Hata hivyo, anayesema mitishamba haina nafasi hospitalini naye simkubali. Vinkristini yenyewe imetoka kwenye ua la Madagaska, lile dogo la waridi au jeupe tunalolipanda mbele ya nyumba, na ni miongoni mwa dawa zinazotibu uvimbe wa taya wa watoto alioueleza daktari Denis Burkitt mwaka 1958 akiwa Uganda. Paklitakseli, dawa nyingine ya saratani, nayo asili yake ni gome la mti. Kule Armenia, utafiti uliochapishwa mwaka 2020 uliwahusisha wanawake 150 wenye saratani ya matiti iliyosambaa. Wote walipewa paklitakseli, baadhi wakaongezewa kurkumini kwenye mshipa kila wiki. Uvimbe ulisinyaa kwa 51 kati ya kila 100 walioongezewa, na kwa 33 kati ya kila 100 wasioongezewa.

Lakini ile ilikuwa kurkumini iliyosafishwa, ikapimwa kwa miligramu na kupita kwenye mshipa. Unga wa manjano una kurkumini gramu 3 hivi katika kila gramu 100, na kijiko cha nyumbani si mzani.

Lawama nyingine naipeleka kliniki. Mgonjwa akiulizwa kwa kukaripiwa, "Umetumia dawa za kienyeji?", atajibu hapana, na mimi ningejibu hivyohivyo. Aulizwe taratibu: "Mama, nyumbani unakunywa nini?" Naye mgonjwa abebe kile kifuko chenyewe, hata kama hakina lebo, amwonyeshe mfamasia kabla dripu haijachanganywa. Manjano ya kwenye mchuzi sina ugomvi nayo. Kile kikombe cha kila asubuhi, chenye pilipili manga, kisubiri kwanza mpaka mfamasia akione.