Mkimbiaji Naye Anyanyue: Hoja ya Kuunganisha Mazoezi ya Pumzi na Mazoezi ya Nguvu

Katika miji yetu ya Afrika Mashariki, wafanya mazoezi wamegawanyika makundi mawili yasiyotembeleana. Wapo wa joging, wanaotoka alfajiri za mwisho wa wiki na fulana zao za klabu, nyimbo zikiongoza hatua. Na wapo wa vyuma, ambao kwao kukimbia ni adhabu ya jeshini. Mada hii inatetea jambo moja tu: mgawanyiko huo wa mazoezi ya pumzi, kama kukimbia, na ya nguvu, kama kunyanyua vyuma, hauna msingi katika ushahidi, na mtu wa kawaida mwenye saa chache kwa wiki hunufaika zaidi akizigawa pande zote mbili kuliko akizimalizia upande mmoja. Nasema mtu wa kawaida kwa makusudi. Bingwa wa kimataifa ana hesabu zake na kocha wake.

Ushahidi ulio wazi zaidi unatokana na kisukari cha aina ya pili, ugonjwa ambao sasa hauhitaji utambulisho katika familia zetu. Mwaka 2007 watafiti wa Kanada walichapisha matokeo ya utafiti wa wagonjwa 251. Waliofanya mazoezi ya pumzi pekee walipata nafuu ya sukari, wa mazoezi ya nguvu pekee nao vivyo hivyo, lakini waliofanya yote mawili waliwazidi wenzao. Msikilizaji makini atauliza papo hapo: hao wa kundi la tatu si walifanya mazoezi kwa muda mrefu zaidi? Ni kweli, na swali ni la haki. Jibu lilikuja mwaka 2010 kutoka Louisiana, Marekani, ambako watu 262 walifuatiliwa kwa miezi tisa. Safari hii muda wa makundi ya mazoezi ulikaribiana, kama dakika 140 kwa wiki. Waliochanganya walipunguziwa huku na kule ili wasiwazidi wengine. Hata hivyo, ni wao pekee ambao kipimo chao cha sukari cha miezi mitatu kilishuka kwa kiwango cha kutegemewa, kikilinganishwa na cha wasiofanya mazoezi. Kushuka kwenyewe hakukuwa kukubwa, wala hakuna haja ya kukutia chumvi. Lakini mantiki yake inaeleweka: misuli ndiyo ghala kuu la sukari itokanayo na mlo. Mazoezi ya nguvu hulipanua ghala, ya pumzi huongeza kasi ya kuitumia akiba iliyomo.

Pingamizi kubwa hutoka kwa watu wa vyuma, nalo ni kwamba kukimbia kunakula misuli. Si uzushi wa vijiweni. Lina asili ya kisayansi. Mwaka 1980 Robert Hickson, mtafiti wa Chicago, alichapisha jaribio la wiki 10 lenye makundi matatu: la kwanza lilifanya mazoezi ya nguvu siku 5 kwa wiki, la pili ya pumzi siku 6, na la tatu likabeba ratiba zote mbili. Nguvu za kundi la tatu zilipanda vizuri kwa takriban wiki saba, kisha zikakwama, na mwishoni zikaanza kushuka. Tangu hapo hofu imesafiri, lakini masharti ya jaribio yamebaki nyuma. Kundi lile lilikuwa na vipindi 11 vya mazoezi makali kwa wiki! Anayetumia matokeo hayo kumkataza karani asikimbie mara mbili kwa wiki anasoma kichwa cha habari na kuacha habari. Isitoshe, kukwama kwa nguvu hakukuzuia pumzi za kundi hilo kuongezeka. Mwaka 2022 ulichapishwa uchambuzi uliounganisha tafiti 43, nao ukaona kuwa kuchanganya hakupunguzi ukuaji wa misuli wala nguvu ya juu kabisa. Kilichoathirika kidogo ni nguvu ya mlipuko, ile ya kuruka na kuchomoka, hasa aina zote mbili zikifanywa katika kipindi kimoja. Kwa hiyo mcheza mpira wa wavu atenganishe vipindi vyake. Wengine wasipoteze usingizi.

Wakimbiaji nao hudai kwamba misuli ni mzigo wa bure barabarani. Utafiti wa Finland wa mwaka 1999 unawajibu: wakimbiaji waliobadilisha karibu theluthi moja ya mazoezi yao kuwa ya nguvu za mlipuko waliboresha muda wao wa kilomita 5, ilhali uwezo wao wa kutumia oksijeni haukupanda. Miguu ilijifunza kutumia vizuri zaidi pumzi ileile. Hofu ya baadhi ya kina mama kwamba watatunisha vifua kama wanaume haihitaji aya nzima. Homoni zao na vipindi viwili kwa wiki havitoshi kufanya hivyo.

Wapo pia wanaosema mazoezi ya nguvu ni ya wenye pesa za jimu. Pushapu, kuchuchumaa na kuinuka havina kiingilio, na dumu la lita 5 lililojaa maji lina kilo 5 kamili. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya pumzi ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya misuli angalau siku 2. Klabu zetu nyingi zinatimiza nusu ya kwanza na kuisahau ya pili.

Viongozi wa klabu mlio hapa, ombi langu ni dogo. Fupisheni njia ya Jumapili kwa kilomita mbili au tatu, muda huo uwe wa mazoezi ya nguvu, kisha rudieni siku moja katikati ya wiki. Wafundisheni wanachama kutoa pumzi wanaponyanyua, kwani kuibana hupandisha presha ghafla. Na kabla ya kuanza, pimeni presha ya kila aliyevuka miaka 40.