MENO YETU: TUSINGOJE KOLEO
(Mazungumzo ya Kamati ya Elimu na Afya mbele ya mkutano wa wanachama)



Leo hatusemi habari za mizani wala za mbegu. Tunasema habari za kinywa. Msicheke. Wakati wa palizi iliyopita mwenzetu mmoja alilala ndani siku nne kwa ajili ya jino. Akashauriwa atie maji ya betri kwenye tundu. Maumivu hayakwisha, ufizi ukaungua, shavu likavimba mpaka jicho likafumba. Akapelekwa hospitali, jino likang'olewa. Alipona, lakini shamba lilikwisha kumezwa na majani. Pamba aliyoleta mmeiona wenyewe kwenye mizani.

Sisi wanakamati sita tulikaa tukahesabiana meno. Mtu mzima kwa kawaida huwa na meno 32. Hakuna hata mmoja wetu aliyetimiza. Tukaulizana: nani amewahi kuzibwa jino? Hakuna. Sote tuling'olewa tu. Ndipo tukaona aibu, maana tunajua kutibu ng'ombe mapema lakini vinywa vyetu tunaviachia koleo.

Kwanza, tuondoe uongo. Tangu utotoni tumeambiwa kuna dudu linalotafuna jino, eti likifukizwa moshi linatoka. Ndugu, dudu hilo halipo. Vilivyopo ni vijidudu visivyoonekana kwa macho, vinavyokaa kwenye utando unaoganda juu ya meno. Ukinywa chai ya sukari, vijidudu hivyo navyo vinakula. Vikila vinatoa tindikali, na tindikali inalainisha jino. Mate yakipata muda yanalitengeneza tena. Lakini mtu anayeonja sukari asubuhi, saa nne, mchana na jioni hayapi mate nafasi. Jino linatoboka polepole, bila maumivu. Siku linapouma, ugonjwa ni wa zamani.

Pili, damu. Wengi tukiona damu kwenye mswaki tunasema ni joto la mwili, tunaacha kupiga mswaki. Hapo ndipo tunapoharibu. Fizi inayotoka damu mara nyingi inaumwa kwa sababu ya uchafu ulioganda. Dawa yake ya kwanza ni kusafisha zaidi, taratibu. Ukiachwa, uchafu huo unakuwa mgumu kama jiwe, mswaki hauutoi tena, mpaka mtaalamu aukwangue. Ukipuuzwa miaka, jino zima linalegea na kutoka. Wenye kisukari wajihadhari zaidi, na wavuta sigara na walaji wa ugoro vilevile.

Sasa habari njema, ambayo wengi hatuijui. Jino lililotoboka, kabla uozo haujafika kwenye mshipa wake wa ndani, linaweza kuzibwa bila umeme na bila mashine. Mtaalamu anakwangua palipooza kwa vifaa vya mkono, halafu anajaza saruji maalumu inayonata kwenye jino. Mara nyingi hata sindano ya ganzi haihitajiki. Na njia hii haikuanzia Ulaya, jamani! Ilianza hapa hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, kwa ajili ya watu wa vijijini kama sisi. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani liliitangaza kwa mataifa yote. Mwaka 2021 shirika hilo likaingiza saruji hiyo, pamoja na dawa ya meno yenye floridi, katika orodha yake ya dawa muhimu. Je, si ajabu sisi wenye nyumba tuwe wa mwisho kupata habari?

Basi, tufanye hivi:

1. Tupige mswaki mara 2 kwa siku, na usiku kabla ya kulala isikose. Dawa iwe yenye floridi. Tuteme povu, tusisukutue kwa maji mengi. Kijiti cha mswaki kinafaa kikitafunwa kikawa laini na kikafika mpaka magego ya nyuma.

2. Chai ya sukari na soda viende pamoja na chakula, si kuonjaonja kutwa nzima.

3. Kila mwezi tuangaliane vinywa nyumbani, juani. Doa jeusi, tundu, damu au jino linaloshtuka kwa maji baridi: nenda mapema. Kidonda cha mdomoni kisichopona wiki 2 kionyeshwe kwa mganga.

4. Maji ya betri ni marufuku. Uso ukivimba pamoja na homa, au mtu akishindwa kumeza au kufungua kinywa, tusingoje kesho. Apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, maana usaha wa jino unaweza kuua.

Wazee wanakumbuka mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya, watu walivyokaa vikundi vikundi kusikiliza redio na kisha kwenda kuchimba vyoo. Hatukungoja kusukumwa. Tunaomba mkutano huu umruhusu Katibu aandike barua kituo cha afya, aulize mtaalamu wa meno anapatikana siku gani na kama saruji ya kuzibia ipo. Wenye matundu wajiandikishe kwake. Sisi sita majina yetu yamekwisha kuandikwa.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na jino la pembe si dawa ya pengo.



Kamati ya Elimu na Afya