Mtoto Aliye Nyumbani Naye Apewe Hisabati ya Kuchunguza

Ifuatayo ni hotuba iliyotolewa mbele ya walimu wa shule za msingi na watumishi wa halmashauri waliokutana kujadili masomo ya nyongeza.



Nimetakiwa nizungumzie masomo ya nyongeza ya hisabati na utafiti kwa watoto wa umri wa shule ya msingi wanaojifunzia nyumbani. Najua wapo miongoni mwetu watakaosema kwamba jambo hili ni la nchi tajiri, ambako mzazi huweza kumwondoa mwanawe shuleni na kumfundisha mwenyewe sebuleni kwake. Hapa kwetu Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamtaka mzazi amwandikishe shule mtoto aliyefikia umri wa shule na ahakikishe kwamba anahudhuria. Sheria hiyo ni njema, wala sikuja hapa kuipinga. Nimekuja kusema kwamba, pamoja na sheria hiyo, wako watoto wetu ambao darasa lao ni nyumbani, kwa muda au kwa miaka, na kwamba tukiwaacha na hesabu za kukariri tu tutakuwa tumewapa elimu nusu.

NANI YUKO NYUMBANI

Tukumbuke mwaka 2020. Tarehe 17 Machi Serikali ilitangaza kufungwa kwa shule kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na watoto wa shule za msingi hawakurudi madarasani hadi tarehe 29 Juni. Kwa zaidi ya miezi mitatu kila nyumba katika nchi hii iligeuka kuwa shule, na kila mzazi, awe amesoma au hakusoma, alikuwa mwalimu. Vipindi vya redio na televisheni vilisaidia, lakini redio haioni daftari la mtoto, wala haimwulizi amefikaje kwenye jibu lake.

Shule zilipofunguliwa wengi wetu tulidhani habari hiyo imekwisha. Haikwisha kwa wote. Yuko mtoto mwenye ulemavu wa miguu ambaye shule iko mbali naye na njia haipitiki kwa baiskeli yake ya magurudumu matatu. Yuko mtoto mwenye maradhi ya muda mrefu, ambaye hulala hospitali mwezi huu na nyumbani mwezi ujao. Yuko mtoto wa mfugaji anayefuata malisho na maji. Wako pia waliopitwa na umri wa kuanza darasa la kwanza, ambao kwa ajili yao Taifa lilianzisha Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Watoto Walioikosa, yaani MEMKWA. Na hata mtoto anayehudhuria shule kila siku, je, si hukaa nyumbani jioni zote, mwisho wa juma na likizo nzima?

Watoto hawa wote wanahitaji masomo ya nyongeza. Swali ni masomo ya namna gani.

TUISHENI SI JIBU

Jibu tulilolizoea ni tuisheni. Mzazi mwenye fedha hulipa, mwanawe hukalishwa kwenye benchi saa mbili zaidi, naye hurudia yale yale aliyoyaimba asubuhi. Mzazi asiye na fedha hubaki akitazama. Kwa njia hii tunafanya makosa mawili kwa mpigo mmoja. Kwanza, tunawagawa watoto wa nchi moja katika matabaka wangali wadogo. Pili, tunamfundisha hata huyo anayelipiwa kwamba hisabati ni mzigo wa kubeba kichwani mpaka siku ya mtihani, kisha utuliwe.

Chukueni mfano wa kigawe kidogo cha shirika, ambacho watoto hukiita KDS. Mwulizeni mtoto aliyekikariri kitu hicho kina kazi gani. Aghalabu atanyamaza. Kisha mwulizeni hivi: gulio la kijiji chetu hufanyika kila siku ya nne, na la kijiji jirani kila siku ya sita, leo yameangukia siku moja, yataangukia tena siku moja lini? Mpeni punje za mahindi azipange sakafuni. Atahesabu, atakosea, atapanga upya, na mwisho atawaambieni kwamba ni baada ya siku 12. Mtoto huyo ameifikia KDS kwa miguu yake mwenyewe, na njia aliyoipita kwa miguu yake haisahau.

HISABATI ILIYO MBELE YA MACHO

Ndugu walimu, neno utafiti linatutisha bure. Tunadhani ni kazi ya Chuo Kikuu, ya watu wenye makoti meupe na mashine za bei kubwa. Utafiti, kwa mtoto wa miaka tisa au kumi, ni mambo matano tu: kuuliza swali, kukisia jibu, kuchagua njia ya kupima, kuandika alichokiona, na kusema kama kisio lake lilikuwa sawa au sivyo. Daftari moja na penseli vinatosha.

Nitatoa mifano michache ambayo mwalimu anaweza kuianza Jumamosi ijayo.

Wa kwanza ni bomba linalovuja. Mtoto aweke chini ya bomba chombo cha robo lita na kutazama saa. Tuseme kimejaa kwa dakika 15. Basi kwa saa moja imepotea lita 1, kwa siku lita 24, na kwa mwaka lita 8,760. Ukigawanya kwa ndoo ya lita 20, hizo ni ndoo 438. Haba na haba hujaza kibaba, walisema wazee. Hapa mtoto ameipima hiyo haba, akakihesabu na kibaba. Amezidisha, amegawanya, amebadili vipimo, na juu ya hayo amepata neno la kuiambia kamati ya maji ya kijiji. Mtoto aliyelala kitandani kwa maradhi anaweza kuifanya hesabu hii. Mdogo wake atamletea vipimo.

Wa pili ni mvua. Kopo lenye kuta zilizonyooka, ambalo mdomo na kitako chake vina upana ulio sawa, huwekwa mahali pa wazi, mbali na miti na paa. Kila asubuhi mtoto hupima kina cha maji kwa rula, huandika milimita, kisha humwaga. Baada ya miezi miwili ana takwimu zake mwenyewe. Hapo ndipo mahali pa kumfundisha wastani na grafu, maana sasa ana kitu cha kutafutia wastani na kuchorea grafu. Mtoto wa mfugaji, ambaye tunamhesabu kuwa yuko nyuma, atawashinda wengi katika somo hili, kwa sababu mvua kwake ni uhai wa ng'ombe.

Wa tatu ni bao. Bao letu la mashimo 32, katika safu nne za mashimo manane, huchezwa kwa kete 64. Mchezaji hodari hujua, kabla hajainua mkono, kete yake ya mwisho itaangukia shimo lipi. Hiyo ni hesabu ya kichwani ya hali ya juu, na babu asiyejua kusoma aweza kuwa mwalimu wake. Mtoto aulizwe: nikianza shimo hili na kete tano nitaishia wapi? Na nikianza na saba? Aandike kisio kwanza, ndipo acheze.

Wa nne ni mzito zaidi, nao ni lumbesa. Ninyi nyote mmeyaona magunia yaliyovikwa vilemba, yakipakiwa kando ya barabara zetu. Tuseme gunia linalohesabiwa kuwa ni la kilo 100 limeshindiliwa hata likafikia kilo 130. Mkulima akiuza magunia 10 ya namna hiyo ametoa kilo 300 bila malipo, yaani magunia matatu ya jasho lake. Serikali imepiga vita lumbesa, na Wakala wa Vipimo una kazi hiyo. Lakini askari wa kwanza wa vita hivi ni mtu wa nyumbani anayejua kusoma mizani na kupiga hesabu. Mtoto wa mkulima akipima, akaandika, akamwonyesha baba yake tofauti ile, hisabati imekuwa ngao ya nyumba. Nani tena atamwambia mtoto huyo kwamba somo hili halina faida?

KIJANA ALIYEULIZA

Kuna historia ya kwetu ambayo kila mwalimu wa nchi hii angepaswa kuijua. Mwaka 1963, katika Shule ya Sekondari Magamba, wilayani Lushoto, wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa maziwa yaliyochemshwa. Desturi ilikuwa kuyaacha yapoe kwanza. Kijana mmoja, Erasto Mpemba, kwa kuhofia kukosa nafasi katika jokofu, aliyaweka yangali moto. Akaona kwamba yake yaliganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyowekwa bila kuchemshwa. Alipouliza, aliambiwa kwamba amechanganyikiwa. Hakuacha. Baadaye akiwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza swali hilo hilo Dakta Denis Osborne, aliyetoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuzungumza na wanafunzi. Wenzake walimcheka; mgeni yule hakucheka, bali alikwenda kulifanyia majaribio. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha matokeo yao pamoja, na tangu hapo jambo hilo linajulikana duniani kwa jina la Mpemba.

Wanasayansi hadi leo wanabishana kama hali hiyo hutokea kweli, na kama hutokea, kwa sababu gani. Ubishi huo haumpunguzii kijana wetu heshima. Unaiongeza, maana swali lililoulizwa na mwanafunzi wa sekondari bado linawakosesha wataalamu usingizi. Lakini tujiulize: ni akina Mpemba wangapi tuliowanyamazisha, wakiwa na umri wa miaka minane tu, kwa neno moja la kejeli?

Mwalimu Julius Nyerere, katika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea wa Machi 1967, alitaka elimu imjenge mtoto awe na akili ya kudadisi, ajifunze kwa wengine huku akiwa na uwezo wa kukataa au kurekebisha lisilofaa, na awe mwenye kujiamini. Mitaala tuliyo nayo sasa, pamoja na ile iliyoanza kutumika Januari 2024, inasisitiza umahiri kuliko kukariri. Kwa hiyo ninayoyasema hapa ni wajibu wetu wa siku nyingi. Kinachokosekana ni kuutekeleza.

HOJA ZA WENYE SHAKA

Watasema baadhi yenu: mwalimu ana watoto wengi darasani na madaftari mengi ya kusahihisha, ataipata wapi Jumamosi yake? Hoja hii ina haki, na asiibeze mtu aliyekaa ofisini. Ndiyo maana kazi hii isiachiwe mwalimu peke yake. Katika kila kata wako walimu waliostaafu, mabwana shamba, wauguzi, makarani wa hazina, mafundi seremala na mafundi cherehani. Karani atafundisha asilimia, seremala atafundisha pembe, na mama muuza maandazi atafundisha kugawanya unga, mafuta na faida. Mwalimu atakuwa kiongozi wa kuwapanga.

Watasema wengine: mtihani hauulizi habari za bomba wala kopo la mvua. Ni kweli. Lakini mtihani huuliza wastani, ujazo, asilimia na grafu, na mtoto aliyevifanya kwa mikono yake hatavikimbia akiviona kwenye karatasi.

Wa tatu watasema mzazi asiyesoma hawezi kuwa mwalimu. Mzazi huyo hatakiwi kutoa majibu. Anatakiwa kuuliza maswali mawili tu kila jioni: umeona nini leo, na umejuaje? Maswali hayo hayahitaji cheti.

TUFANYE NINI

Ndugu Mwenyekiti, naomba tutoke hapa na mambo matatu.

La kwanza, kila kata ianzishe kikundi cha hisabati na utafiti, cha saa mbili kila Jumamosi, katika shule, kituo cha walimu au hata chini ya mwembe. Watoto wasizidi 20 kwa kikundi, ili kila mmoja aulizwe. Kwa yule asiyeweza kutoka nyumbani, kikundi ndicho kimfuate, mara moja kwa mwezi, kikae uani kwao na kufanya kazi naye. Mtoto anayejifunza peke yake hukosa mtu wa kumbishia, na hisabati bila ubishi hupooza.

La pili, masomo haya yasiwe ya kulipiwa. Siku tutakapodai shilingi ya kwanza mlangoni, yatakuwa yamegeuka tuisheni, na yule tuliyemkusudia ndiye atakayebaki nje.

La tatu, daftari la mtoto lisomwe. Mtoto akipima maji yanayopotea, serikali ya kijiji iyasikie matokeo yake na imjibu. Hakuna kitu kinachoua udadisi upesi kama kazi ya kweli iliyofanywa kwa bidii, kisha ikafungiwa kabatini.

Tumekwisha jenga madarasa mengi, na tutaendelea kujenga. Lakini taifa linalotaka kujitegemea katika kilimo, biashara na viwanda linahitaji watu wanaopima kabla ya kusema, na wanaouliza kabla ya kukubali. Watu hao hawazaliwi vyuoni. Huanza wakiwa wadogo, kwa kopo la mvua na punje za mahindi, na wengine wao wako nyumbani hivi sasa, wakimngoja mtu wa kuwauliza swali.