Sakafu ya Kuinuliwa: Hotuba kwa Wanachama, Kaplong



Wahenga walinena: nyumba njema si mlango. Hapa kwetu mtu apatapo fedha za majani chai hutangulia kuezeka mabati na kupaka mlango rangi, lakini sakafu huiacha udongo mtupu. Nanyi mwaijua nchi yetu. Kericho hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, karibu maradufu ya Nairobi, na usiku wa Julai ni wa baridi kali. Mzee alalaye juu ya udongo wenye unyevu hupoteza joto la mwili wake usiku kucha.

Dawa yake fundi wa kijijini aiweza. Kwanza, chimbeni mfereji wa kuongoza maji mbali na nyumba. Pili, simamisheni nguzo za mawe au za mkaratusi uliotiwa dawa, zipatazo sentimita 45 juu ya ardhi. Juu ya kila nguzo wekeni kipande cha bati kilichokunjwa kingo zake kuelekea chini. Bati hilo halimwui mchwa. Humlazimisha kujenga njia yake mahali pa wazi, nanyi mkaiona na kuibomoa.

Kisha lazeni boriti, na chini yake pigilieni mbao nyembamba. Nafasi iliyo katikati ijazeni maranda makavu yaliyochanganywa na chokaa, unene wa sentimita 10, ndipo mpigilie mbao za sakafu. Kinachozuia baridi ni hewa iliyotulia ndani ya maranda. Yakilowa, kazi yote imepotea. Kwa hiyo msizibe chini ya nyumba: upepo na upite. Na moto wa kupikia ubaki jikoni, juu ya udongo, kamwe usiwashwe juu ya mbao.

Ndugu zangu, wako wajane na wazee wasioweza kununua hata ubao mmoja. Naomba mkutano huu uamue kwamba fedha za mwaka ujao zianze kwa sakafu zao, kabla ya viti vipya vya ukumbi wetu. Mwenye mti atoe mti. Mwenye nguvu atoe siku moja ya kazi. Sisi twaweza kuketi juu ya mabenchi ya zamani mwaka mmoja zaidi. Wao hawawezi kungoja Julai nyingine.