Nahau za Matumaini katika Kiingereza

Leo tunajifunza nahau ambazo Waingereza huzitumia mambo yanapokuwa magumu.

Ya kwanza ni "every cloud has a silver lining", yaani kila wingu lina ukingo wa fedha. Fedha hapa ni madini, si noti za mfukoni. Jua likijificha nyuma ya wingu jeusi, kingo za wingu hung'aa. Mshairi John Milton aliitumia picha hiyo katika tamthilia yake Comus, iliyochezwa mwaka 1634. Methali yenyewe ilienea baadaye. Sisi tungesema baada ya dhiki faraja, ingawa si sawa kabisa: sisi tunasubiri dhiki ipite, Mwingereza anatafuta jema ndani ya dhiki yenyewe. Kwa hiyo inamfaa aliyepoteza kazi akapata nafasi ya kusoma. Msibani usithubutu. Aliyefiwa atakuona huna adabu, na atakuwa na haki.

"Keep your chin up" ni nyepesi: inua kidevu, usikate tamaa. Mwambie rafiki aliyefeli mtihani. Bosi wako, hapana.

Kisha "hope against hope", yaani kutumaini hata pasipo na tumaini. Asili yake ni Waraka wa Paulo kwa Warumi, sura ya 4, panaposimuliwa imani ya Ibrahimu kwamba atapata mtoto uzeeni. Anayeitumia anakiri kuwa uwezekano ni mdogo mno. Itumie kwa matumaini yako mwenyewe. Lakini mwenye mgonjwa hospitalini mwambie tu "I'm thinking of you", yaani nakuwaza.