Mwendo wa Mabadiliko: Jiwe, Msitu na Watu wa Bisie



Katika semina kama hizi husemwa mara nyingi kwamba asiyekubali kubadilika ataachwa nyuma. Kwa watu wa Walikale na Masisi, huko Kivu Kaskazini mashariki mwa Kongo, kauli hiyo haina msaada. Tangu mwanzo wa karne hii wamebadilika kuliko wengi wetu, na bado wameachwa. Hoja yangu ni kwamba mabadiliko yapimwe kwa mwendo wake, na tuulize ni nani anayeushika usukani.

Tuanze chini ya ardhi. Kasiteriti, yaani mawe ya bati, ni kazi ya takriban miaka bilioni moja. Graniti iliyokuwa ikipoa ilisukuma maji ya moto kwenye nyufa za miamba, na bati likabaki humo. Mwamba wa pembeni huoza na kuwa udongo, lakini kasiteriti haiozi. Ndiyo maana huko Bisie, mgodi ulio katika msitu wa Walikale, watu waliweza kuifikia kwa sururu na tindo.

Juu ya jiwe hilo umesimama msitu, nao una mwendo wake. Mti mkubwa ukianguka, jua hugonga ardhi, na mbegu za mti uitwao Musanga, zilizolala udongoni kwa miaka, huota kwa pupa. Musanga hukua upesi, hutandaza majani yake kama mwavuli, na baada ya miaka 20 hivi huzeeka. Miche yake haiwezi kukua katika kivuli chake chenyewe, lakini ya miti mingine inaweza, na ndiyo inayorithi mahali pale. Mti wa limbali ni habari nyingine kabisa: mbegu zake nzito hudondoka chini ya mti mama, kwa hiyo ukifyeka eneo lote usitegemee kuuona tena katika uhai wako. Hata hivyo, msitu ukiachwa wenyewe, kinachokufa huwa kimeshamwandalia mwenzake nafasi.

Kwa watu haikuwa hivyo. Kasiteriti ya Bisie iligunduliwa mwaka 2002. Mwaka uliofuata Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya kupunguza madini ya risasi katika vifaa vya umeme, ikaanza kutumika Julai 2006. Viwanda vya simu na kompyuta vikahitaji bati zaidi la kulehemu, na bei ikapanda. Hakuna aliyekaa Brussels akiifikiria Walikale, lakini maelfu ya vijana waliacha jembe wakaingia mashimoni. Kutoka kijiji cha Njingala hadi mgodini ni zaidi ya kilometa 40 za njia ya msituni. Mbeba mzigo alitoka na gunia la kilo 50 mgongoni, akipishana kwenye tope na wenzake walioingiza mchele, sabuni na bia, wote wakilipishwa kwenye vizuizi vya wenye bunduki. Ndege ndogo zilitua juu ya lami ya barabara pale Kilambo, zikapakia mawe na kuruka kwenda Goma.

Nawaomba mtazame huo mchele. Nchi yenye udongo na mvua kiasi hicho ilikuwa ikibebewa chakula kichwani.

Septemba 2010 Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji katika majimbo ya Kivu zote mbili na Maniema. Amri ilipoondolewa Machi 2011, wanunuzi wengi wa nje walikuwa wameshaanza kuyakwepa madini ya huku kwa sababu ya sheria ya Marekani ya Julai 2010 kuhusu madini ya maeneo ya vita. Aliyekuwa na shamba alirudi shambani. Aliyekuwa ameliacha likawa pori, au hakuwahi kuwa nalo, alibaki na madeni na karo za watoto.

Kisha ikaja Bisie kampuni ya Alphamin, na mwaka 2019 mgodi wa mitambo ukaanza kuzalisha. Mwaka 2024 ulitoa zaidi ya tani 17,000 za bati, karibu asilimia 6 ya bati la dunia. Machi 2025 waasi wa M23 walipokaribia, kazi ilisimamishwa. Mji wa Walikale ulitekwa siku chache baadaye, waasi wakaondoka mwanzoni mwa Aprili, na kampuni ikatangaza kurudi kazini. Bei ya bati duniani ilipanda na kushuka kufuata habari hizo. Mwenye hisa alikuwa na skrini ya kumwonya, mama wa Njingala alisikia milio ya bunduki.

Pendekezo langu ni hili. Kila kibali, kila mkataba na kila amri ya kufunga mgodi itaje kwa miezi muda ambao wakazi watapewa kujiandaa. Sehemu ya mapato ya bati iende kwenye barabara za mashambani na mbegu sasa, wakati mgodi unafanya kazi. Machifu nao wasigawe ardhi yote ya kilimo kwa ajili ya mashimo. Naomba semina hii iyafikishe hayo kwa serikali ya jimbo kabla ya msimu ujao wa kupanda.