Sakafu Iliyobanduka: Funzo kwa Kamati za Ujenzi

(Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika semina ya kamati za sharika)

Ndugu wachungaji, wazee wa kanisa, wajumbe wa kamati na wafadhili wetu wapendwa,

Nimeombwa kuzungumzia usimamizi wa miradi midogo. Mradi mkubwa una mhandisi, michoro na mkaguzi. Mradi mdogo mara nyingi huachiwa fundi peke yake, na huko ndiko sadaka za waumini zinakopotelea. Nitatoa mfano wa usharika wetu mmoja. Sitautaja jina, wala fundi wake.

Usharika huo uliamua kukarabati sakafu ya kibaraza cha zahanati, mahali ambapo kina mama hukaa na watoto wakisubiri kupimwa uzito. Fedha zilitokana na sadaka ya mavuno pamoja na mchango wa marafiki wa nje. Fundi alimaliza kwa siku tatu, na siku hiyo hiyo akalipwa zote. Sakafu ilipigwa nili ikang'aa. Kabla ya miezi miwili kwisha ilipasuka, ikawa inatoa vumbi kila ikifagiwa, na vipande vikaanza kubanduka. Bibi mmoja alijikwaa hapo akaumia goti.

Nilipoitwa kukagua, niligonga sakafu kwa nyundo ndogo. Sehemu nyingi zilitoa mlio wa kitu kitupu, yaani tabaka jipya halikushikana na la zamani. Tulipobandua vipande, sababu zilionekana.

Kwanza, sakafu ya zamani haikutinduliwa wala kuoshwa. Saruji haishiki juu ya vumbi na uso laini. Ni lazima uso ukwaruzwe kwa tindo, uoshwe, uloweshwe na kupakwa uji wa saruji, kisha tabaka jipya liwekwe kabla uji huo haujakauka.

Pili, tabaka lilikuwa la sentimita moja tu. Lisingepaswa kupungua sentimita 2.5, kwa mchanganyiko wa ndoo moja ya saruji kwa tatu za mchanga safi.

Tatu, maji yalizidi. Maji mengi humrahisishia fundi kusawazisha, lakini yakikauka huacha vitundu vidogo, na sakafu huwa dhaifu.

Nne, hakuna aliyemwagilia. Saruji haiwi ngumu kwa kukauka, bali kwa kuungana na maji. Ifunikwe kwa magunia mabichi walau siku 7. Kwa kawaida nguvu yake hupimwa siku ya 28. Basi siku ile ya tatu, kamati ililipia mng'ao. Uimara ulikuwa bado haujulikani.

Kamati iligawanyika. Fundi ni mwimbaji wa kwaya. Wengine walisema asamehewe, wengine apelekwe polisi. Tulipomwita, naye alikuwa na neno: bei ilikuwa imepunguzwa mara mbili, na mifuko ya saruji aliyopewa haikutosha. Wahenga walisema, rahisi huvunja upishi. Hata hivyo, uhaba wa saruji haumzuii mtu kufagia vumbi wala kumwagilia maji. Ilikubaliwa arudie kazi bila ujira, na usharika ununue vifaa upya. Hadi sasa nusu ya kibaraza imekamilika. Saruji hiyo imelipiwa mara mbili, na wafadhili wameelezwa hivyo katika taarifa.

Ndugu zangu, msamaha ni wajibu wetu, lakini hauzibi nyufa. Kwa hiyo naomba kila kamati ifanye yafuatayo:

1. Iandike mkataba, hata wa ukurasa mmoja, unaotaja unene, mchanganyiko na siku za kumwagilia.
2. Ilipe kwa awamu baada ya ukaguzi, na ibakize asilimia 10 kwa miezi 6.
3. Iteue mjumbe wa kushuhudia maandalizi kabla saruji haijachanganywa, na mwingine wa kumwagilia asubuhi na jioni.
4. Ipokee kazi kwa kugonga sakafu, si kwa kuitazama tu.

Mama aliyetoa debe la mahindi siku ya mavuno hana njia ya kumkagua fundi. Ametukabidhi sisi kazi hiyo. Tuifanye kwa uaminifu.

Mungu awabariki.